Malale: dawa sasa ni vidonge, lakini nani atauona ugonjwa?

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila tunapokaa na wafugaji nyuki, wachungaji na wakulima wa tumbaku wa Sikonge, Kaliua na Urambo, mkoani Tabora, Tanzania. Mengi yamezaliwa na tetesi moja iliyoingia makambini: kwamba sindano za malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na ndorobo (mbung'o), zimefutwa, siku hizi mtu anameza vidonge tu. Tetesi hiyo ina ukweli mwingi, ila haijakamilika.

Daktari, hiyo habari ya vidonge ni ya kweli au ni maneno ya kijiweni?

Ni ya kweli. Dawa inaitwa feksinidazoli. Ilianza na malale ya Afrika Magharibi na Kati, ile inayomla mtu polepole hata kwa miaka, na mwaka 2018 Wakala wa Dawa wa Ulaya ukaikubali kwa aina hiyo. Malale ya huku kwetu ina kimelea tofauti, kinachoitwa rhodesiense, na haina subira: mgonjwa asipotibiwa hufa ndani ya wiki au miezi michache. Kwa hiyo haikufaa kuchukua dawa ya kule na kuileta huku kwa kudhani. Ilibidi ijaribiwe upya, na kazi hiyo ikafanyika Malawi na Uganda kwa wagonjwa 45. Wachache, ndiyo, lakini kwa ugonjwa ambao siku hizi hutoa wagonjwa wachache sana kwa mwaka, kuwapata hao tu kulichukua muda. Desemba 2023 wakala uleule ukatoa maoni ya kuikubali kwa aina yetu, na Juni 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) likaiweka kuwa chaguo la kwanza kwa mtu wa miaka 6 na kuendelea, mwenye uzito wa kuanzia kilo 20.

Ili uone uzito wa jambo hili, waulize wazee kuhusu sindano za zamani. Vimelea vikishafika kwenye ubongo, dawa iliyokuwapo ni melarsoproli, iliyotengenezwa mwaka 1949, na ndani yake mna aseniki. Inachomwa kwenye mshipa, inaunguza inakopita, na katika kila wagonjwa 100 takriban 5 waliuawa na dawa yenyewe, si na malale. Kabla ya hapo mgonjwa alitolewa maji ya uti wa mgongo ili ijulikane kama ugonjwa umepanda kichwani, kwa kuwa dawa ya hatua ya kwanza, suramini, haifiki huko. Feksinidazoli inatibu hatua zote mbili.

Mtoto aliye chini ya miaka 6, au ambaye hajafika kilo 20, bado anatibiwa kwa sindano hizohizo za zamani.

Ninaweza kupewa nikarudi nazo kambini?

Hapana. Unalazwa, na unameza mbele ya mhudumu. Mtu wa kilo 35 na zaidi anameza vidonge 3 kwa pamoja mara moja kwa siku, siku 4 mfululizo, halafu vidonge 2 kwa siku 6. Jumla siku 10. Mwenye uzito mdogo zaidi ana kipimo chake.

Chakula ndiyo siri ya dawa hii. Ukiimeza tumbo likiwa tupu, mwili hauipati ya kutosha, na kimelea kinabaki. Kwa hiyo ndugu anayekuuguza aje na ugali wa maana, si chai na andazi. Wengine hutapika, wengine huumwa kichwa au hukosa usingizi; waambie wauguzi, usikae kimya. Na wanzuki ikae mbali: pombe yoyote haichanganywi na dawa hii, na hata ukimaliza ngoja siku mbili.

Dawa hailipiwi. Inatolewa na kampuni ya Sanofi kupitia WHO.

Nina homa wiki ya pili. Zahanati wamenitoboa kidole mara mbili, wanasema malaria haipo. Je, inaweza kuwa malale?

Inaweza, na hapa ndipo wasiwasi wangu ulipo hasa.

Kile kipimo cha haraka cha kidole kinatafuta protini ya kimelea cha malaria, basi. Kikisema hapana, kimesema hapana kwa malaria tu. Hakijasema lolote kuhusu malale, na kwa malale ya rhodesiense hakuna kipimo cha haraka cha namna hiyo. Inayoiona ni hadubini. Mtaalamu wa maabara anaweka tone la damu bichi kwenye kioo, anafunika, anachungulia. Kama vimo, anaona chembe nyekundu za damu zikitikiswa, na katikati yake kitu chembamba kinajinyonganyonga kama mkunga, yule samaki mrefu, aliyetolewa majini. Kwa aina yetu vimelea mara nyingi huwa vingi kwenye damu, kwa hiyo mwenye jicho na subira huvikuta. Asipovikuta leo, haina maana havipo; hurudia.

Zamani kila mwenye homa alipimwa malaria kwa hadubini, na malale ikaonekana humohumo bila mtu kuitafuta. Kipimo cha haraka kimeokoa watu wengi sana, sikipingi hata kidogo, lakini kimelifunga dirisha hilo. Tumepata dawa nzuri kuliko zote katika historia ya ugonjwa huu wakati uleule tunapopunguza kuchungulia damu.

Kwa hiyo usingoje uulizwe. Ukifika, mwambie mhudumu kwa maneno haya: "Natoka porini, ndorobo wameniuma, naomba damu yangu iangaliwe kwa hadubini kutafuta malale." Zahanati isipokuwa na hadubini, omba rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Fanya hivyo hata kama kipimo kimeonyesha malaria, umemaliza dawa na homa bado ipo, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kubeba vyote viwili.

Jikague pia. Baadhi hutokewa na uvimbe mwekundu wenye maumivu pale walipoumwa, siku 5 hadi 15 baadaye, unaoweza kuwa kidonda. Kisha homa ya kuja na kuondoka, kichwa, viungo, tezi kuvimba. Mtu akianza kusinzia mchana na kukesha usiku, kusema ovyo, au tabia kugeuka mpaka watu wa nyumbani wakashangaa, hapo ugonjwa umeshafika kwenye ubongo. Kuna familia zilizoanzia kwa mganga kwa sababu ya dalili hizi za mwisho, na siwalaumu, kwa jinsi zinavyofanana na mambo ya kurogwa. Lakini safari hizo zinakula siku ambazo mgonjwa hana.

Nimeumwa na ndorobo tangu utoto. Mbona sijawahi kuumwa?

Kwanza, ndorobo wenye vimelea vya kumdhuru binadamu ni wachache mno. Wanakuuma mia, huenda hata mmoja hanavyo.

Pili, damu ya binadamu ina silaha. Ndiyo maana ng'ombe huangamizwa na aina nyingi za tripanosoma (jamii ya vimelea ambamo vya malale vimo) ambazo sisi hazitugusi. Tunayo protini inayoitwa APOL1, inayoitoboa tripanosoma mpaka inapasuka. Rhodesiense ilijifunza kujikinga: hutoa protini yake inayoikamata APOL1 na kuizuia isifanye kazi.

Mwaka 2010 watafiti walieleza katika jarida la Science kwamba baadhi ya watu wenye asili ya Afrika wamerithi APOL1 iliyobadilika kidogo, ambayo rhodesiense haiwezi kuikamata vizuri. Nakala moja kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kutoa kinga hiyo. Ukirithi kutoka kwa wazazi wote wawili, hatari ya ugonjwa wa figo inapanda sana. Mabadiliko hayo yamejaa zaidi Afrika Magharibi, na sasa yanasaidia kueleza kwa nini Wamarekani weusi wanaugua figo kuliko wenzao weupe. Zipo dawa za figo zinazojaribiwa zinazolenga APOL1 hiyohiyo.

Usijipime kwa macho ukadhani umebarikiwa. Kutougua mpaka leo huenda ni bahati tu ya ndorobo waliokuuma.

Chandarua kinasaidia?

Kidogo sana, maana ndorobo huuma mchana. Vaa nguo nene, mikono mirefu, rangi ya kaki au ya udongo. Buluu na nyeusi huwavuta; ndiyo sababu mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Hufuata pia kitu kinachokwenda, na ukipita na pikipiki msituni utawaona mgongoni mwa abiria. Jua likiwa kali hutulia vichakani, kwa hiyo usichague kichaka kuwa pa kupumzikia.

Kenya wameimaliza. Sisi tunakwama wapi?

WHO ilitangaza Agosti 2025 kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya. Rwanda ilitangulia mwaka 2022. Sisi tuna misitu mikubwa zaidi ya miombo, yenye wanyama wanaobeba kimelea bila kuugua, na watu wetu wanaishi kwa kuingia humo. Usiache kurina asali kwa sababu yangu.

Ng'ombe wangu wazima kabisa. Wana uhusiano na haya?

Wanaweza kuwa nao. Ng'ombe hubeba rhodesiense akiwa ananenepa na kutoa maziwa, na ndorobo akimnyonya yeye, baadaye anaweza kukuambukiza wewe. Uganda kuanzia mwaka 2006 waliwatibu na kuwapulizia dawa ng'ombe kwa wingi ili kuwakinga watu. Habari nzuri kwa mfuko wako ni kwamba ndorobo hupenda kumwuma ng'ombe miguuni na tumboni, na wakubwa kuliko ndama. Ukimpulizia sehemu hizo tu, dawa inayotumika inapungua sana. Mwone ofisa mifugo wa kata akuelekeze dawa ipi na kila baada ya muda gani.