Mnyanyuo wa wawili kwenye barafu: nguvu iko magotini

Vijana wa sarakasi hapa Dodoma hutuonyesha kwenye simu video za mchezo wa kuteleza kwa wawili kwenye barafu na kuuliza: mwalimu, huyu kaka anamwinuaje dada kwa mkono mmoja huku anateleza?

Makuli wa soko la mahindi Kibaigwa wanajua nusu ya jibu. Kuli mzoefu hainui gunia kwa kiuno. Anakunja magoti, mgongo umenyooka, miguu ndiyo inayopandisha mzigo. Mtelezaji hufanya vivyo hivyo, ila gunia haliruki, na dada yule anaruka. Anajisukuma mwenyewe wakati uleule mwenzake anaponyoosha magoti. Akichelewa kidogo tu, uzito wote unaangukia mabega ya kaka. Juu kule viwiko hunyooka kabisa, na uzito ushuke mstari mmoja kutoka begani hadi nyongani hadi mguuni, kama ndoo ya maji kichwani. Dada naye akaze kiuno. Akilegea, mstari unavunjika. Na haya yote hufanyika juu ya chuma cha chini ya kiatu chenye unene wa milimita 4 hivi.

Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, ISU, limegawa minyanyuo makundi 5 kufuata mahali pa kushika: kwapani, kiunoni, kiganja kwenye nyonga, na mawili ya kiganja kwa kiganja. Katika matatu ya mwisho, mwanamume hatakiwi kuzidisha mizunguko mitatu na nusu. Kumshika mwenzako mguu au mkono na kumzungusha hewani ni marufuku.

Marufuku hizo si za urembo. Oktoba 2004, mjini Pittsburgh, Marekani, mtelezaji wa Urusi Maxim Marinin alipoteza mizani akiwa amemnyanyua mwenzake Tatiana Totmianina, naye akaanguka na kupiga kichwa kwenye barafu. Walirudi, wakachukua dhahabu ya Olimpiki mjini Torino, Italia, mwaka 2006, lakini hakuna anayepaswa kuitegemea bahati hiyo.

Kwa hiyo, wadogo zangu, msijaribu kwenye saruji. Tandikeni magodoro, wasimame wawili pembeni wa kudaka, na mjifunze kushusha kabla ya kupandisha: mkono usiachie mpaka mguu wa mwenzako umebeba uzito wake. Aliyepiga kichwa asiendelee na mazoezi, hata akisema yuko sawa. Akitapika, akisinzia au akichanganyikiwa, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.