Karatasi inang'aa, mkulima kalipwa sifuri

Wiki hii nimeombwa tena: "Mwalimu, niwekee IFERROR shiti nzima, kesho kuna kikao na mwenyekiti hataki kuona vile vi-N/A kwenye karatasi." Nafundisha Excel kwa makarani na wahasibu wa amcos na saccos (vyama vya ushirika vya mazao na vya akiba na mikopo) hapa Moshi, na hakuna ombi linalonichosha kama hili. IFERROR ni fomula inayobadilisha kosa lolote liwe kitu unachokitaka wewe, mara nyingi sifuri.

Wanaamini kwamba kosa likishafichwa, shiti imepona. Haijapona! #N/A ni Excel inakwambia imetafuta haikupata. #DIV/0! umegawanya kwa sifuri au kwa seli tupu. #REF! umefuta seli ambayo fomula ilikuwa inaitegemea. Ni magonjwa matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake. Ukizungushia IFERROR yenye sifuri mwishoni, yote yanageuka sifuri na hujui tena lipi ni lipi.

Msimu uliopita chama kimoja cha wakulima wa kahawa kiliniita baada ya malipo. Kilo zilizopokelewa ziko shiti moja, orodha ya malipo shiti nyingine, VLOOKUP inavuta kilo kwa namba ya mwanachama. Mama mmoja alikuja ameshika stakabadhi yake: kilo 86. Kwenye orodha iliyoprintiwa na kugongwa muhuri, mbele ya jina lake pameandikwa 0. Tulipobofya seli ya namba yake tukakuta mwishoni kuna spesi moja, ile ambayo jicho haliioni. Excel iliiona, ikatoa #N/A, IFERROR ikaimeza. Ingebaki #N/A, karani angeshtuka kabla ya kuprinti, na TRIM, fomula inayofuta spesi za ziada, ingemaliza kazi kwa dakika mbili. Badala yake mama wa watu alipanda daladala mara mbili kudai haki yake.

Na kama shida ni sura ya karatasi tu, Excel ina mpangilio wake wa kazi hiyo ambao hauigusi fomula hata moja. Nenda Page Layout, bofya Print Titles, na kwenye ukurasa wa Sheet utaona Cell errors as. Hapo unachagua makosa yaprintiwe yalivyo, yaachwe wazi, yawe vistari viwili, au yote yawe #N/A. Kwenye skrini kila kosa linabaki mahali pake. Kinachobadilika ni karatasi. Mpangilio huu ni wa kila shiti peke yake, kwa hiyo ukiwa na shiti tano rudia mara tano. Mimi nasisitiza vistari. Nafasi tupu msomaji ataiona kama kitu kilichosahaulika, lakini "--" inamwambia hapa pana jambo, uliza.

Wapo wanaonijibu: "Sifuri haidhuru." Inadhuru wastani. Mwanafunzi mwenye 60, 70 na 80 ana wastani wa 70. Somo la nne ambalo alama yake haijaingia likiwekewa sifuri, AVERAGE inaihesabu na mtoto anashuka hadi 52.5. Walimu wa taaluma, tafadhali sana.

Wengine: "Nitapaka maandishi rangi nyeupe." Kwenye safu zenye kivuli yatajitokeza, na SUM ya chini bado itatoa kosa, kwa sababu seli moja mbovu inatosha kuharibu jumla nzima.

Wengine huja wakiwa na hofu ya #####. Hilo mara nyingi si kosa la fomula, kolamu ni nyembamba. Ipanue.

Sisemi IFERROR itupwe. Pale unapojua kabisa kwamba kitu huenda kisipatikane, tumia IFNA, ambayo ipo tangu Excel 2013, na uiandikie neno: "HAYUPO". Yenyewe inanasa #N/A peke yake, makosa mengine yanaendelea kupiga kelele, na ndivyo inavyotakiwa.

Kabla ya kuprinti chochote chenye pesa za watu, bonyeza F5, kisha Special, chagua Formulas na uache alama kwenye Errors tu. Excel itateua seli zote zenye kosa kwa mkupuo. Zikiwa kumi na mbili, pitia zote kumi na mbili, ndipo uwashe printa.