Je, wajua kwa nini ng'ombe hutafuna mifupa?

Mwisho wa kiangazi, kwenye njia ya vumbi wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, nilisimama kumtazama ng'ombe mwekundu aliyeachwa nyuma na wenzake. Alikuwa ameinua kichwa, udenda unamtiririka, na mdomoni amebeba mfupa mkavu wa paja. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo alikuwa akiusukuma kwa ulimi hadi kwenye magego, anauma, unateleza, anaanza upya. Kijana mchungaji alimpigia mluzi mara tatu, wala hakugeuka.

"Huyo ana hamu ya chumvi," kijana akaniambia.

Hakuwa mbali na ukweli. Hamu ipo, ila si ya chumvi tunayotia kwenye mboga. Mfupa umejengwa hasa kwa madini ya kalisi (kalsiamu) na fosforasi, na hiyo fosforasi ndiyo inayomvuta. Kati ya fosforasi yote iliyomo mwilini mwa ng'ombe, kiasi cha asilimia 80 imehifadhiwa kwenye mifupa na meno. Mnyama anayekula nyasi tu anaokota mfupa wa mwenzake kwa sababu nyasi zimeshindwa kumpa kitu hicho.

Zimeshindwaje? Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Januari nyasi ni changa, laini, zina virutubisho. Zikikomaa, sehemu ya fosforasi huhamia kwenye mbegu, na kadiri jua linavyozidi majani hubaki makapi. Ifikapo Septemba ng'ombe anashiba tumbo lakini mwili una njaa. Na kama udongo wa malisho wenyewe una fosforasi kidogo, hata nyasi za kifuku hazitoshi.

Wanaoumia kwanza ni majike wenye mimba na wanaonyonyesha. Kila lita ya maziwa hutoka na karibu gramu 1 ya fosforasi. Ndama lazima anyonye, kwa hiyo mama anakopa kwenye mifupa yake mwenyewe. Deni likikua anatembea kwa kukakamaa, maziwa yanapungua, anachelewa kushika mimba tena. Kibaya zaidi, hata hamu ya kula inashuka, kwa sababu vijidudu vya tumboni vinavyomeng'enya nyasi navyo vinahitaji fosforasi. Mfugaji anasema ng'ombe huyu ni mvivu wa kuzaa, anamuuza mnadani kwa bei ya hasara. Hilo huniuma, maana mara nyingine mnyama hana kosa lolote.

Njaa yenyewe haiui haraka. Mfupa ndio unaoweza kuua. Afrika Kusini, zaidi ya miaka 100 iliyopita, ng'ombe walikuwa wakipooza na kufa kwa wingi, na sababu haikujulikana. Daktari wa mifugo Arnold Theiler na wenzake wakafuatilia hadi kwenye mizoga. Malisho yalikosa fosforasi, ng'ombe wakala mifupa yenye mabaki yaliyooza, na ndani ya mabaki hayo bakteria walikuwa wametengeneza sumu kali. Waliopewa unga wa mifupa iliyo salama waliacha kuokota porini, na ugonjwa ukapungua. (Wafugaji wanaopambana na ndigana kali hukutana na jina la Theiler pasipo kujua: kijidudu cha ugonjwa huo huitwa Theileria.)

Sumu hiyo hukata mawasiliano kati ya neva na misuli. Ng'ombe anaanza kuyumba, analala asiweze kuinuka, ulimi unalegea, lakini macho yake bado yanakutazama. Mwishoni misuli ya kupumua nayo inasimama. Mnyama akishaanguka hivyo, kumwokoa ni vigumu sana. Mfupa wa mzoga usioujua unaweza pia kuwa na kimeta, ambacho mbegu zake hudumu ardhini miaka mingi. Kwa hiyo mzoga usiachwe porini, na anayeshuku kimeta asiuchune wala kuupasua. Amwite mtaalamu wa mifugo kwanza.

Ukimnyang'anya mfupa, kesho atatafuta mwingine. Mpe kilichomo. Kwenye maduka ya pembejeo kuna unga mweupe wanaouita DCP, wenye kalisi na fosforasi; wafugaji wengi huuchanganya na chumvi nusu kwa nusu na kuuweka kwenye kihori kilichoezekwa usinyeshewe. Jiwe la chumvi tupu halitibu tatizo hili, hata kama ng'ombe analilamba kwa furaha. Soma maandishi ya mfuko kwanza.

Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba fosforasi ya madini humfaa zaidi ng'ombe wakati wa kifuku, anapokuwa na nyasi mbichi na mwili unajengeka. Kiangazi upungufu wa protini unamtangulia, na ukimpa madini pekee hayana kazi kubwa ya kufanya. Hapo ndipo ninapoona sisi wa Dodoma na Singida tumebahatika, kwa kuwa alizeti tunalima wenyewe. Mashudu yanayobaki mafuta yakishakamuliwa yana protini na fosforasi kwa pamoja. Pumba za mahindi nazo zina fosforasi nyingi. Kama mashudu ni machache, anza na majike wenye mimba na wenye ndama wadogo.

Kwa kondoo, shika tahadhari mbili. Madini yaliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe mara nyingi yana shaba, na kondoo huilimbikiza kwenye ini hadi imdhuru, kwa hiyo wanunulie ya kwao. Na madume, hasa waliohasiwa, wakilishwa pumba nyingi siku hadi siku, fosforasi inazidi kalisi na vijiwe hujitengeneza kwenye njia ya mkojo. Ukimwona amesimama mgongo kaupinda, anajikamua na yanatoka matone tu, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.