Wanawake na uzito: usijitese na njaa, angalia vile vidogo usivyovihesabu

Kitu kinachoniuma sana kwenye hii kazi ya lishe ni kuona mwanamke anashinda na njaa wiki nzima, asubuhi hali, mchana maji tu, halafu usiku mwili unadai chake anakula mpaka anajilaumu, kesho anaanza upya. Uzito upo palepale na mwenyewe anajiona hana msimamo, wakati shida sio msimamo kabisa, ni njia aliyoichagua. Ukijinyima kupita kiasi mwili unapunguza matumizi yake ya nguvu na unaanza kumega misuli, na misuli ndo inayochoma kalori hata ukiwa umekaa, kwa hiyo ukirudi kula kawaida kilo zinarudi haraka tena nyingi zinarudi kama mafuta.

Ukimuuliza mtu anakula nini kwa siku atakutajia milo mitatu basi. Hatataja kuonjaonja jikoni, kumalizia sahani za watoto ili chakula kisitupwe, biskuti za ofisini, juisi ya kwenye kikao. Mi nakwambia kazi kubwa ipo hapo. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kama kalori 120, na wengi tunamimina tu kutoka kwenye chupa, hebu pima kwa kijiko siku moja uone unatumia vingapi. Soda ya mililita 330 ina sukari kama gramu 35, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana ashuke mpaka 25, yaani kama vijiko sita vya chai. Juisi nayo inahesabiwa humo, hata uliyokamua mwenyewe. Kula tunda lenyewe, nyuzinyuzi zake zinashibisha.

Kwenye sahani, nusu iwe mboga, robo wanga, robo protini. Protini ndo wanawake wengi tunaisahau, unakuta wanga umejaa na mchuzi kidogo juu, baada ya muda mfupi njaa imerudi unatafuta kitu kitamu. Maharage, mayai, samaki, kuku, chochote unachokimudu, ila kiwepo kila mlo hasa asubuhi. Na ule taratibu jamani, taarifa ya kushiba inachukua kama dakika 20 mpaka ubongo uipate.

Mzani usikutishe. Siku chache kabla ya hedhi mwili unashika maji, unaweza kuona kilo moja au hata mbili zimeongezeka na hujala chochote cha ajabu, hayo sio mafuta. Pima mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula. Pima na kiuno pia, manake kwa mwanamke kikifika sentimita 80 hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo inaanza kupanda, kikivuka 88 imekuwa kubwa, na baada ya hedhi kukoma mafuta yanapenda kukaa tumboni hata kama uzito wako haujabadilika sana.

Nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki inatosha. Mwenye kilo 90 akipungua 5 mpaka 9 tu, presha na sukari mara nyingi vinaanza kukaa vizuri, hahitaji kurudi kwenye mwili wa usichana. Zile chai za kuharisha zinatoa maji, mafuta yanabaki, achana nazo.

Ukiwa mjamzito usianze dayati ya kupunguza uzito, ongea na mkunga au daktari wako, na kama unanyonyesha usijibane, mwili una kazi ya ziada. Na kama uzito unapanda huku hedhi inaruka miezi au nywele zinaota kidevuni, au umechoka na unasikia baridi muda wote, nenda hospitali wakupime homoni na tezi ya shingo, hapo kubadilisha sahani peke yake hakutatosha.