Alama ya 3 haimaanishi gemu inamfaa mtoto wa miaka mitatu

Wazazi wengi huamini kwamba gemu yenye alama ya 3 imetengenezwa kwa ajili ya mtoto wa miaka mitatu. Sivyo. Alama za PEGI, mfumo wa kupanga gemu kwa umri, zinazotumika Ulaya tangu 2003, yaani 3, 7, 12, 16 na 18, hupima maudhui: mapigano, matusi, vitisho, kamari. Ugumu wa mchezo hazipimi hata kidogo.

Chukua Cities: Skylines ya 2015. Ina alama ya 3. Lakini mchezaji anaendesha mji mzima: kodi, umeme, barabara, maji. Akielekeza bomba la majitaka upande mto unakotokea, na pampu ya maji safi akaiweka upande mto unakoelekea, wakazi wanaanza kuugua na nyumba zinabaki tupu. Mtoto wa miaka 6 anaona tu mji unakufa. Maelezo ya sababu hawezi kuyasoma. Analia, nasi tunasema hana akili ya kupanga. Inaniuma kusikia hivyo, maana akili anayo.

Mpe Mini Metro, gemu ya kuchora njia za treni za mjini. Anavuta kidole kuunganisha vituo vya duara, pembetatu na mraba, na kila abiria anatafuta kituo chenye umbo lake. Kusoma ni kidogo mno, kupanga kupo tele. Hata drafti ya vizibo vya soda inafaa sana.

Alama itazame, kisha cheza mwenyewe nusu saa kabla ya kumkabidhi simu. Angalia maandishi ni mengi kiasi gani, na kama gemu inadai pesa katikati ya mchezo.