Transponda ni nini, na ndege ndogo isiyo nayo ina shida gani?

Usiku usio na mwezi, ukitazama Ziwa Victoria kutoka Kirumba, Mwanza, mitumbwi ya dagaa inaonekana kama mji mwingine majini. Taa zile ni za kuwaita dagaa, lakini nahodha wa meli iendayo Bukoba naye zinamfaa: anajua wapi apite. Mtumbwi wenye matatizo ni ule uliozima taa ukakata njia ya meli.

Angani, taa hiyo inaitwa transponda. Ni kisanduku cha redio ndani ya ndege ambacho hujibu kikiulizwa. Rada ya chini hutuma swali kwa masafa ya megahezi 1030, nacho hujibu kwa 1090: namba yangu ni hii, niko futi kadhaa juu. Namba hutolewa na mwongoza ndege, ina tarakimu nne, kila moja kati ya 0 na 7, kwa hiyo zipo 4096 tu. Tatu hazigawiwi ovyo: 7500 ni utekaji, 7600 redio imekufa, 7700 dharura. Marubani wakitaja namba hiyo hutumia neno la Kiingereza la mlio wa kasuku, “squawk”, kwa kuwa Waingereza walikiita kisanduku cha aina hii Kasuku wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Watu husema ndege isiyo na transponda “haionekani kwenye rada”. Si kweli kabisa. Rada ya kizamani hurusha mawimbi, yakigonga bati yanarudi, na mwongoza ndege anapata nukta. Ila nukta haina jina wala kimo. Inaweza kuwa futi 5,000 au 11,000, na hapa Mwanza uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 3,700 juu ya usawa wa bahari. Penye rada ya kuuliza na kujibu pekee, hata hiyo nukta hakuna. (Mwanza ni moja ya sehemu nne zilizofungiwa rada za kiraia, pamoja na Dar es Salaam, Kilimanjaro (KIA) na Songwe.)

Kinachonitisha zaidi ni upande wa ndege kubwa. Ndege ya abiria hubeba mtambo wa kuepusha migongano, TCAS, na mtambo huo husikiliza transponda za jirani tu. Jirani akiwa bubu, kwake hayupo. Akijibu bila kutaja kimo, rubani ataonywa kwamba kuna mtu karibu, lakini hataambiwa apande au ashuke.

Marekani walijifunza kwa damu. Agosti 31, 1986, ndege ya abiria ya Aeroméxico, DC-9, ikishuka kwenda Los Angeles iligongana na ndege ndogo aina ya Piper juu ya mji wa Cerritos. Piper ilikuwa na transponda isiyotuma kimo, na ilikuwa imeingia anga inayodhibitiwa bila kibali. Walikufa watu 82, kati yao 15 wakiwa chini. Baadaye ikawekwa sheria: ndani ya maili 30 za baharini, kama kilomita 55, kutoka viwanja vikubwa kabisa, transponda itume na kimo. Duara kama hilo likichorwa kuzunguka uwanja wa Mwanza lingemeza Sengerema na Nansio, na kuishia karibu na Magu.

Sheria hiyo iliacha mlango. Ndege za zamani zilizoundwa bila umeme wa injini, nyiraba (ndege zisizo na injini) na maputo wanaruhusiwa kuruka ndani ya duara, mradi wasiingie kwenye kiini cha anga chenye ndege kubwa. Naona ni haki. Puto halina injini ya kuzalisha umeme, na mwenye ndege ya mwaka 1946 hajafanya kosa kuipenda. Lakini anayeruka hivyo, akipita pembeni au chini ya kiini kile, amebaki na redio na macho.

Na macho yana udhaifu ambao wavuvi wanaufahamu. Chombo kinachopita mbele yako husogea, kwa hiyo unakiona. Kile kinachokuja kukugonga hakisogei upande wowote. Kwenye kioo cha rubani kinakaa palepale, nukta kama uchafu wa mdudu, hadi sekunde za mwisho ambapo kinanenepa ghafla.