Siri ya mgonjwa na muhali wa jamaa

Visiwani kwetu Zanzibar ni nadra daktari kumtibu mtu asiyemjua. Aliyelazwa ni mtoto wa jirani, aliyemleta walisoma naye skuli moja, na anayeulizia majibu ni mzee wanayeswali naye safu moja. Muhali, yaani kuona haya kumkatalia mtu wako, huanzia hapo.

Majibu ya vipimo ni ya aliyepimwa. Mume akiuliza ya mkewe, au ami akiuliza ya mtoto wa ndugu yake aliyekwisha kuwa mtu mzima, jibu letu hospitalini ni moja: muulize mwenyewe. Wapo wanaoona wamevunjiwa heshima. Lakini khabari ikitoka maabara asubuhi, jioni iko barazani, na anayeishi na virusi vya Ukimwi anaweza kuacha dawa kwa kuogopa tu kuonekana kliniki.

Zito zaidi ni la uzazi. Uchungu umekwama, daktari anataka kumpasua mama, mume yuko dago, kambi ya wavuvi, na simu yake haipatikani. Mkwe anasema tungoje. Mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu anajitilia saini mwenyewe. Kumshauri mume ni adabu ya nyumba, si sharti la upasuaji. Akiwa amezimia na kila dakika ina hatari, daktari anaokoa maisha kwanza. Na akikataa mwenyewe, baada ya kuelezwa vizuri kwamba yeye na mtoto wanaweza kufa? Hatumpasui kwa nguvu. Tunamweleza tena, tunaandika kwenye faili, tunabaki karibu naye huenda akageuza shauri. Sidhani kama yupo daktari aliyelizoea hilo.

Kwa mtoto, siri ina mpaka. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Akiletwa ana dalili za kudhalilishwa kijinsia, jamaa husema: "Dokta, tustiri, tushayamaliza wenyewe." Anayetakiwa kustiriwa hapo ni mtoto, si aliyemdhuru. Daktari hawezi kuandika kwamba ameanguka mti, na hana hiari ya kunyamaza. Pia haandiki kwamba fulani ndiye aliyefanya, ingawa familia nyingine hutaka hivyo hivyo. Anaandika alichokiona na alichopima, kuhukumu ni kazi ya mahakama.

Basi mpelekeni mtoto mapema katika kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako tabibu, polisi na ustawi wa jamii wanafanya kazi pamoja. Dawa za kukinga virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72 tangu alipodhalilishwa, na kila saa ikipita nguvu yake inapungua. Msimkoshe kwanza, hata mkiona tabu kumtoa nyumbani vile. Nguo alizovaa msizifue. Zitieni kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana unyevu huharibu ushahidi, kisha mje nazo.